Theluji ya Krismasi: Mzee Aende kwa Kijana au kwa Binti?

Ndugu msomaji, barua iliyofika mezani petu juma hili imeandikwa kwa mkono, kurasa tatu za daftari la mistari, na mwandiko wake ni ule wa kizazi kilichochapwa viboko kwa kuandika ovyo. Mwenyewe ni mzee wa miaka 74, mstaafu wa reli, mkazi wa Temeke. Sehemu kubwa ya utumishi wake aliitumikia katika stesheni ya Moshi. Anasema kwamba kila asubuhi mawingu yalipofunguka alikiona kilele cha Kibo kimevaa weupe wake, na kwa miaka yote hiyo hakupata kuigusa theluji ile hata kwa ncha ya kidole. Alikuwa akiitazama, kwa maneno yake mwenyewe, kama mtoto asiye na senti anavyotazama maandazi katika kabati la kioo.

Sasa mzee huyu ana watoto wawili ng'ambo. Kijana wake yuko Birmingham, Uingereza. Binti yake ni muuguzi mjini Minneapolis, Marekani. Wote wawili wanamwalika kwa Krismasi, na wote wawili wamemwahidi theluji. Fedha iliyopo, baada ya kuuza kipande cha shamba huko Mkuranga, inatosha safari moja tu, wala mzee hatarajii kupata nyingine ya namna hiyo katika umri wake. Kijana amemwambia kwenye simu: "Baba, tangu mwaka 1960, karibu nusu ya miaka yote imekuwa na theluji siku ya Krismasi hapa Uingereza." Binti naye amesema: "Baba, huku kwetu ni miaka saba katika kila kumi." Mzee akapiga hesabu zake. Tano na saba hazijapishana sana, na nauli ya Birmingham ni ndogo kuliko ya Minneapolis. Kabla hajalipa, ametuandikia kuuliza nani kati ya watoto wake anasema kweli.

Jibu letu, mzee, ni kwamba wote wawili wanasema kweli. Lakini usilipe bado. Hesabu walizokupa ni za vitu viwili tofauti, ambavyo kwa bahati mbaya vimepewa jina moja.

CHEMBE MOJA INATOSHA

Tuanze na Uingereza, kwani huko ndiko jambo hili lilikofanywa kuwa mchezo wa taifa. Kila mwaka, Desemba inapokaribia, magazeti ya Uingereza huanza kubashiri kama Krismasi itakuwa nyeupe au la, na makampuni ya kamari hupokea dau za watu juu ya jambo hilo hilo. Penye fedha hapakosi ubishi, na ili kuumaliza ubishi huo ilibidi Idara ya Hali ya Hewa ya nchi hiyo itoe maana moja isiyopingika. Maana yenyewe ni hii: Krismasi huhesabiwa kuwa nyeupe iwapo chembe moja ya theluji imeonekana ikianguka wakati wowote katika saa 24 za tarehe 25 Desemba.

Chembe moja, ndugu msomaji. Haisemwi kwamba ifunike ardhi, wala kwamba isiyeyuke kabla ya kugusa lami. Hapo zamani macho yote yalielekezwa kwenye paa la jengo moja la idara hiyo mjini London; siku hizi huangaliwa vituo vingi katika kila pembe ya nchi, toka kusini mwa Uingereza hadi kaskazini ya Scotland.

Mjadala wa namna hii si mgeni kwetu. Msomaji anakumbuka maneno yanayozuka kila Ramadhani inapokwisha: mwezi ukionekana mahali pamoja, je, umeandama kwa wote? Waingereza kwa upande wa theluji yao wamekwisha amua. Kituo kimoja kikiona, mwaka huo umeingia daftarini.

Turudi kwenye ile "nusu" ya kijana. Hesabu yake ameitoa mahali sahihi, ila imekatwa mkia. Idara hiyo inasema kwamba tangu mwaka 1960, katika karibu nusu ya miaka, theluji imeonekana ikianguka siku ya Krismasi katika vituo visivyopungua asilimia 5 ya vituo vyote. Asilimia 5 ni kituo kimoja katika ishirini, na kituo hicho chaweza kuwa juu ya milima ya Scotland, safari ya siku nzima kutoka kwenye mlango wa kijana. Birmingham haina haki ya kujichukulia nusu hiyo. Ni kama kumwambia mgeni kwamba Tanzania hupata mvua kubwa mwezi wa Julai kwa sababu imenyesha Bukoba, kisha ukampeleka Dodoma na mwavuli.

Mwaka 2023 unatosha kuwa mfano. Kwa kanuni ya chembe, Krismasi ya mwaka huo nchini Uingereza ilikuwa nyeupe, maana asilimia 11 ya vituo viliiona theluji ikianguka. Lakini hapakuwa na kituo hata kimoja kilichoripoti theluji iliyolala ardhini. Mzee wetu angalisafiri mwaka huo angalishuhudia barabara zenye maji, na jioni redioni angalisikia kwamba Krismasi imekuwa nyeupe.

Tukitaka kujua ile theluji ambayo mtu anaweza kuiinamia na kuifinyanga kwa viganja, yaani theluji iliyolala, hatuna budi kuuliza swali lingine. Idara hiyo hiyo inalo jibu. Tangu 1960, ni mara nne tu ambapo zaidi ya asilimia 40 ya vituo vyake viliikuta ardhi imefunikwa asubuhi ya Krismasi: 1981, 1995, 2009 na 2010. Huo wa 2010 ulikuwa wa aina yake, kwani asilimia 83 ya vituo viliamka katika weupe, kiwango kikubwa kuliko vyote vilivyopata kuandikwa. Hata hivyo mara nne katika zaidi ya miaka sitini ni chini ya mara moja kwa kila miaka kumi na mitano. Hii nayo ni hesabu ya nchi nzima, si ya Birmingham peke yake. Lakini inatuonyesha jinsi ile nusu inavyosinyaa mara tu tunapobadilisha swali.

RULA YA WAMAREKANI

Marekani hawajishughulishi na chembe. Huko Krismasi nyeupe ni ile ambayo asubuhi ya tarehe 25 Desemba kuna theluji ardhini yenye kina cha inchi moja au zaidi, yaani kama sentimita mbili na nusu. Haidhuru ilianguka lini. Yaweza kuwa imeanguka usiku huo, yaweza kuwa ipo tangu mwisho wa Novemba na imekwisha kuwa ngumu na kuchafuliwa na magari. Mpimaji huchomeka rula, akasoma, akaandika. Wakanada wana kanuni iliyo jirani na hiyo: sentimita 2 ardhini, saa moja ya asubuhi.

Basi ile saba katika kumi ya binti ni ya rula. Kumbukumbu za Minneapolis na mji pacha wake wa Saint Paul zinarudi nyuma hadi mwaka 1899, na katika muda huo wote kiasi cha miaka saba katika kila kumi ilikuwa na inchi moja au zaidi asubuhi ya Krismasi. Mzee aziweke hesabu hizi mbili kando kwa kando, kila moja ikiwa imetajwa kwa jina lake kamili, ndipo atakapoona kwamba hashindanishi tano na saba. Anashindanisha theluji ya kuonwa na mtu fulani mahali fulani, na theluji ya kukanyagwa mlangoni.

Yafaa pia nieleze namna hesabu hizi zinavyopatikana, kwa sababu neno "uwezekano" huwatia watu wengi hofu, nao hudhani pana mitambo mikubwa nyuma yake. Kwa sehemu kubwa ni kuhesabu tu. Mtu huchukua daftari la kituo, akafungua ukurasa wa tarehe 25 Desemba wa kila mwaka, akaweka alama pale palipokuwa na theluji ya kutosha. Alama zikiwa 21 katika miaka 30, uwezekano ni asilimia 70. Desturi ya kimataifa ni kutumia miaka thelathini, na ramani ya Marekani inayotumika siku hizi imejengwa juu ya miaka ya 1991 hadi 2020. Ukiitazama ramani hiyo utaona kaskazini ya Minnesota, jimbo la Maine na milima ya Rocky zikiwa na nafasi kubwa sana. New York inabaki na kama mara moja katika kumi. Florida haina lake. Kwa Kanada, Winnipeg hukosa kwa nadra mno, ilhali Vancouver iliyo kando ya Pasifiki haiizidi New York kwa lolote.

Lakini daftari la miaka iliyopita halimwahidi mtu mwaka ujao. Saba katika kumi maana yake ni kwamba tatu hukosa, na wasafiri wa miaka mitatu hiyo walilipa nauli kama wenzao. Mwaka ule ule wa 2023 Minneapolis ilipata Krismasi ya mvua, katika joto ambalo wenyeji hawakulizoea kabisa. Kwa upande mwingine, mwaka 2004 theluji iliangukia Texas ya kusini, mpakani na Mexico, usiku wa kuamkia Krismasi, na mji wa Brownsville ukapata theluji ya kupimika kwa mara ya kwanza tangu 1895. Hata Australia, ambako Desemba ni kiangazi kama huku kwetu, milima ya jimbo la Victoria ilipata theluji Krismasi ya 2006. Mambo hayo hutokea, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu anayeyakatia tiketi.

Msomaji wa ramani atastaajabu kwamba Birmingham iko kaskazini zaidi ya Minneapolis. Naam, mji wa Kiingereza uko karibu na latitudo ya 52, wa Marekani uko kwenye 45. Siri iko baharini. Uingereza ni kisiwa, na pepo zake nyingi hutoka magharibi zikiwa zimepita juu ya Atlantiki, bahari ambayo mwezi wa Desemba bado haijamaliza kupoa. Maji hupoa polepole kama chungu kilichoepuliwa. Ndiyo maana Februari kule ina siku nyingi za theluji kuliko Desemba, na hata Machi huishinda. Mara nyingi theluji huanza vizuri huko juu mawinguni, ikakuta tabaka la hewa ya uvuguvugu karibu na ardhi, ikafika ikiwa matone. Minneapolis imo katikati ya bara, mbali na bahari zote. Baridi ya kaskazini huishukia bila kizuizi, na wastani wa joto la Januari ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri, wakati Birmingham huwa nyuzi 4 hivi juu ya sifuri. Theluji ikianguka penye baridi hiyo hukaa.

Basi kwa nini kadi zote za Krismasi zilizotufikia toka kwa Waingereza zina theluji hadi madirishani, kama kweli wao wenyewe huiona kwa nadra? Sababu moja ni Charles Dickens. Huyu alizaliwa mwaka 1812, na utoto wake uliangukia mwongo mmoja wenye baridi kali isiyo ya kawaida: mwaka 1814 mto Thames uliganda mjini London, watu wakafanya gulio juu ya barafu, na mwaka 1815 volkano ya Tambora huko Indonesia ililipuka na kupunguza joto la dunia. Alipokuja kuandika hadithi yake maarufu ya Krismasi mwaka 1843, yumkini aliandika majira ya utotoni mwake. Vitabu vikasomwa, kadi zikachorwa, na picha hiyo ikavuka bahari hadi kwetu. Sisi tuliokulia Dar es Salaam tulikata tawi la mvinje, tukalibandika pamba ya hospitali, tukasema ni theluji, huku jasho likitutoka. Sikupata kumwona mtu mzima aliyetuuliza kwa nini.

Jambo jingine ni kalenda. Waingereza walipobadili kalenda mwaka 1752 waliziruka siku 11, hivyo Krismasi yao ikasogea nyuma katika majira. Kabla ya hapo iliangukia siku ambazo sisi leo tungeziita za mwanzo wa Januari, kama ilivyo kwa Wahabeshi hadi sasa, na huko theluji ina nafasi zaidi. Aidha, ongezeko la joto duniani limepunguza nafasi hiyo, na idara yao haifichi jambo hilo.

JE, UTABIRI HAUWEZI KUSAIDIA?

Mzee anauliza kama hawezi kusubiri utabiri ndipo akate tiketi. Kwa bahati mbaya, hapana. Idara ya Uingereza inasema inaweza kueleza kwa uhakika wa kuridhisha kama theluji itaanguka siku ya Krismasi ikibaki kama siku tano tu. Mtu wa Temeke hawezi kutafuta tiketi, kufunga sanduku na kuvuka mabara kwa siku tano, tena siku ambazo nauli zimepanda na ndege zimejaa.

Kizuizi hiki si uvivu wa watabiri. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, Edward Lorenz, alikuwa akirudia hesabu ya hali ya hewa katika kompyuta yake, akaingiza tarakimu 0.506 badala ya 0.506127. Tofauti ni ndogo kuliko punje ya mtama katika gunia, lakini baada ya muda hali ya hewa ya hesabu ya pili haikufanana hata kidogo na ile ya kwanza. Hakuna kituo kinachopima upepo na joto bila kosa dogo la namna hiyo, na kosa hilo huzaana kila siku inayopita. Kwa hiyo anayekuambia mwezi Oktoba kwamba tarehe 25 Desemba saa fulani theluji itaanguka mahali fulani, mwulize kwanza anauza nini. Daftari la miaka ya nyuma ndilo linalobaki.

Ushauri wangu kwa mzee ni aende kwa binti. Nasema hivyo nikijua kwamba nauli ni kubwa zaidi. Ikiwa shabaha ya safari ni theluji ya kugusa, fedha itakayookolewa kwa kwenda Birmingham itakuwa imenunua uwezekano mdogo sana. Lakini naongeza jambo ambalo wanawe hawakulitaja: asiifunge safari yake kwenye tarehe moja. Akifika Minneapolis siku mbili kabla ya Krismasi na kuondoka siku mbili baadaye, amejiweka mikononi mwa ile tatu katika kumi. Akikaa hadi katikati ya Januari, ambapo baridi ya huko huzidi, itakuwa ajabu arudi bila kuikanyaga. Kama sikukuu yenyewe ikipita na mvua, akae, ale pilau ya binti yake, angoje.

Kuhusu kijana wa Birmingham, ambaye mzee anaogopa ataona amedharauliwa, naona asomewe aya ile ya asilimia 5 polepole kwenye simu. Hakudanganya. Alisoma nusu ya sentensi, jambo ambalo hata sisi waandishi wa habari hulifanya. Na kwa kuwa yeye anafanya kazi na anapata mshahara, labda mwaka huu ni zamu yake kukata tiketi, ama ya kuja Temeke, ama ya kumfuata baba yake kwa dada.

Mzee anamaliza barua yake kwa kuuliza kama ile theluji ya Moshi aliyoiacha bado ipo. Ipo, mzee, ila si ile uliyoiaga. Barafu ya kudumu ya Kilimanjaro imepungua eneo lake kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya mwaka 1912 na 2011. Theluji mpya bado hukiangukia kilele, hasa mvua za vuli zinapoendelea hadi Desemba, na huko juu hakuna anayebishana juu ya chembe wala rula. Johannes Rebmann alipoandika mwaka 1848 kwamba ameiona, wapo mabingwa wa jiografia mjini London waliokataa katakata kwamba theluji inaweza kuwako karibu na ikweta. Wewe uliitazama kwa macho yako kila asubuhi ukiwa kazini.

Limebaki la koti. Usinunue dukani. Nenda kwenye mitumba ya Manzese mapema, siku marobota yanapofunguliwa, utafute yale makoti mazito yenye manyoya shingoni ambayo huku hakuna anayeyataka. Wachuuzi huyatoa kwa bei ya chini, kwani wanajua yatawaozea. Buti na glovu mwachie binti anunue huko huko, yeye ndiye anayejua baridi yao.